Mteremko Haulipi Deni Lote

(Hotuba kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi, iliyotolewa Igoma, Mwanza)



Nimeombwa nizungumze juu ya vyombo vya usafiri vinavyotumia umeme, na hasa juu ya neno moja ambalo limeanza kusikika katika mikutano ya vyama vyetu. Neno lenyewe ni hili: kwamba viko vyombo ambavyo vikishuka mteremko hujichaji vyenyewe, na kwa hiyo chama kitakachovinunua hakitakuwa na gharama ya mafuta wala ya umeme.

Sikuja kulikanusha neno hilo, kwa maana lina ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo una kipimo, na chama kinachonunua chombo bila kukijua kipimo hicho kitakuwa kimenunua deni. Hivi karibuni nilionyeshwa makisio ya chama kimoja kilichotaka kununua toyo mbili za umeme kwa kubebea pamba na pembejeo. Bei ilikuwa imeandikwa, mshahara wa madereva ulikuwa umeandikwa, lakini safu ya gharama za kuchaji ilikuwa tupu. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba muuzaji amesema milima ya Mwanza itachaji. Makisio yale yalikuwa yapelekwe mbele ya mkutano mkuu, wanachama wayapigie kura, na fedha yao ya misimu kadhaa iende huko. Ndugu zangu, ni safu ile tupu iliyonileta mbele yenu leo.

Nawaombeni tukumbuke asili yetu. Ushirika wa wakulima wa pamba katika kanda hii, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ulianzia kwenye mizani. Wazee wetu walichoka kuambiwa uzito wa pamba yao na mnunuzi, wakadai kuwa na mtu wao wa kuusoma mshale. Kutokana na dai hilo vyama vikakua, na mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu kilichoviunganisha vyama vya kanda ya Ziwa Victoria. Wazee wale hawakumwambia mnunuzi kwamba ni mwongo. Walisema: pima mbele yetu. Nami leo nataka tuupime mteremko kwa namna hiyo hiyo.

Tuanze na kitu ambacho wengi wetu tunakijua, yaani dainamo ya baiskeli. Aliyewahi kuendesha baiskeli usiku anajua kwamba ukiilaza dainamo kwenye tairi, taa huwaka, lakini pedali huwa nzito. Taa ile si ya bure; mguu ndio unaoilipia. Sasa mota ya umeme ina tabia mbili. Ukiipa umeme inazungusha gurudumu. Gurudumu likiizungusha yenyewe, kama wakati wa kushuka mlima, mota hugeuka dainamo: inatoa umeme na kuurudisha kwenye betri, na papo hapo inalifanya gurudumu kuwa zito, chombo kikapungua mwendo. Kwa hiyo kazi hii ni breki na chaji kwa pamoja. Ni kanuni ile ile inayotumika katika bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, ambako maji yanayoshuka huzungusha mitambo. Tofauti ni kwamba maji ya Rufiji yalipandishwa juu na jua na mvua, ambavyo havidai malipo. Chombo chako kilipandishwa mlimani na betri yako mwenyewe. Hapo ndipo hesabu inapoanzia.

Tuchukue mfano. Pikipiki ya umeme, pamoja na dereva na mzigo mdogo, ina uzito wa kilo 200. Inapanda kilima kikali chenye kimo cha mita 100 kwa barabara ya kilometa moja, kisha inashuka njia ile ile kwa mwendo wa pole, kama kilometa 30 kwa saa. Kuuinua uzito huo mita 100 kunahitaji nguvu ya wati-saa 54. Kumbukeni kwamba wati-saa 1,000 ndizo yuniti moja tunayoinunua kwa LUKU. Wakati wa kupanda kuna kulishinda pia zuio la upepo na la matairi, tukadirie wati-saa 15. Na mota yenyewe hupoteza sehemu ya umeme kwa joto. Kwa jumla, betri itatoa wati-saa zipatazo 86. Hilo ndilo deni la kupanda.

Sasa tushuke. Mlima unatudai kurudisha wati-saa 54, wala hauwezi kurudisha zaidi ya hizo. Lakini kama ilivyo kwa malipo ya pamba, kabla fedha haijamfikia mkulima kuna makato. Upepo na matairi huchukua zao kwanza, wati-saa 15. Zinabaki 39. Hizo hupita kwenye mota, kisha kwenye kifaa kinachouongoza umeme, kisha kwenye betri, na betri nayo hukata inapopokea na inapotoa. Tukikadiria kwamba asilimia 60 ndizo zinazosalimika, tutakuwa na wati-saa 23 au 24. Tulikopa 86, tumerudisha 24. Deni lililobaki ni 62.

Tuiweke hesabu hiyo katika shilingi. Tuseme yuniti moja ni shilingi 350. Kilima kizima kimetugharimu shilingi 30, na mteremko umeturudishia shilingi 8. Kwa wati-saa zile 24, pikipiki kama hiyo itakwenda kilometa moja na kidogo tu katika barabara tambarare. Nasema haya si kwa kubeza, maana shilingi 8 ni shilingi 8, na haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho hakiwezi kuijaza safu nzima ya gharama za kuchaji. Zaidi ya hayo, nimechagua kilima kikali kwa makusudi, kwa sababu mteremko wa taratibu haurudishi chochote. Penye mteremko mdogo, upepo na matairi humaliza nguvu yote kabla haijafika kwenye mota. Na nchi yetu ya Usukuma, tukiacha vilima vya mawe vya mjini, sehemu kubwa ni tambarare yenye mawimbi madogo. Barabara ya kutoka Igoma kuelekea Kisesa na Magu si mlima wa kuchajia toyo.

Ndugu Wanachama, sasa naja kwenye jambo lililo zito kuliko shilingi 8. Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Katika vyombo hivi, msemo huo ni kweli tupu.

Kijana mmoja aliniuliza juu ya chombo cha gurudumu moja cha umeme ambacho vijana wa miji mikubwa ya ng'ambo hukipanda wakiwa wamesimama, mguu huku na mguu huku, gurudumu likiwa katikati. Chombo hicho kina vipimo ndani yake vinavyohisi mwinamo. Mpandaji akiinama mbele, mota hulikimbiza gurudumu ili limfuate chini yake; akiegemea nyuma, mota hulizuia. Hakina breki nyingine. Mota ndiyo mwendo, ndiyo breki, na ndiyo inayomzuia mpandaji asianguke. Sasa fikirini: mtu amekichaji chombo chake usiku kucha nyumbani kwake juu ya mlima, betri imejaa hadi asilimia 100, na asubuhi anashuka. Kila anapoegemea nyuma, mota inatoa umeme na kuusukuma kwenye betri. Betri imejaa, haina pa kuuweka. Volti zinapanda kupita kiasi. Chombo kilichotengenezwa vizuri kitapiga kelele na kuinua vikanyagio ili kumlazimisha mpandaji apunguze mwendo. Asiposikia, chombo kinaweza kujizima ili kujilinda, na mpandaji atakwenda chini. Ndiyo maana wenye ujuzi wa vyombo hivyo huonya kwamba usianze mteremko mrefu na betri iliyojaa.

Huenda mtasema kwamba chama hakitanunua chombo cha gurudumu moja. Ni kweli. Lakini pikipiki na toyo za umeme zenye breki za namna hii zinafuata kanuni hiyo hiyo. Betri ikijaa, breki ya umeme huondolewa au hupunguzwa, na mara nyingi dereva haambiwi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuazima pikipiki ya umeme iliyolala kwenye chaji nyumbani kwa rafiki yangu, juu ya vilima vya mawe hapa mjini. Siku zilizotangulia nilikuwa nimezoea kwamba nikiachia mwendo tu, pikipiki inajizuia yenyewe. Asubuhi ile niliachia, nayo haikujizuia. Ikaendelea kuteremka kana kwamba nimeongeza mafuta. Nilishika breki za mkono na za mguu, na kwa bahati njema zilikuwa nzima, nikasimama pembeni mwa njia huku moyo ukinienda mbio. Chombo hakikuwa kibovu. Kilikuwa kimeshiba. Lakini kama breki zile za kawaida zingekuwa zimeachwa kutu kwa kuwa "breki ya umeme inatosha", nisingekuwa na hotuba ya kutoa leo.

Sasa wekeni kilo 400 za pamba juu ya chombo hicho. Mzigo ukizidi, nguvu inayokisukuma mteremkoni nayo inazidi, na breki zinapaswa kuimeza yote. Hapa Igoma tunayo makaburi ya ndugu zetu waliopotea katika meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Nadhani mji huu hauhitaji kufundishwa na mtu yeyote umuhimu wa kuuliza mapema chombo hiki kinabeba kiasi gani, na kitakuwaje siku mambo yatakapokwenda kombo.

Baada ya kusema hayo, ni haki niseme pia ni wapi mteremko unalipa vizuri. Unalipa pale ambapo mzigo unashuka na chombo kinapanda kitupu. Huko Uswisi, karibu na mji wa Biel, liko lori kubwa la umeme lililoanza kazi ya machimbo mwaka 2018. Likiwa tupu lina uzito wa tani 45 hivi. Hupanda mlimani likiwa tupu, hupakia tani zipatazo 65 za mawe, kisha hushuka nazo. Kwa kuwa linashuka likiwa na uzito zaidi ya maradufu ya ule liliopanda nao, hurudisha sehemu kubwa sana ya umeme wake, na katika safari nzuri hurudisha hata zaidi ya ulioliwa. Kadhalika, kaskazini mwa Ulaya, treni zinazoshuka na madini ya chuma kutoka Kiruna nchini Sweden hadi bandari ya Narvik nchini Norway hutoa umeme unaosaidia mabehewa matupu kurudi juu.

Hata sisi tumekwisha kuingia katika zama hizo. Treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwezi uliofuata zikafika Dodoma. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, cha kilometa 341, kiliwekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan wilayani Misungwi tarehe 14 Juni 2021. Treni ya umeme yenye breki za kurudisha umeme ina faida ambayo pikipiki haina. Umeme wake si lazima uingie kwenye betri. Hurudi kwenye waya wa juu, na treni nyingine inayopanda wakati huo ikautumia. Asichokihitaji mmoja kinamfaa mwenzake. Sisi wanaushirika hatuhitaji kuelezwa zaidi jambo hilo.

Basi je, toyo za chama chetu? Tuifanyie hesabu ile ile. Toyo yenye mzigo, jumla kilo 700, ikishuka kilima chetu cha mita 100, na kupanda tena ikiwa tupu, kilo 300. Kwa makadirio yale yale, kupanda itakula wati-saa 130, na kushuka itarudisha 90. Theluthi mbili ya deni imelipwa. Hilo ni jambo la maana. Lakini geuzeni safari. Ghala likiwa juu na mashamba yakiwa bondeni, toyo itapanda na mzigo na kushuka tupu. Hapo deni litakuwa kubwa na marejesho madogo. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo bodi inapaswa kujiuliza haliko katika karatasi za muuzaji. Ni hili: mzigo wetu unakwenda juu au unakwenda chini?

Ndugu Makatibu, kwa kuwa ninyi ndio mtakaoandaa makabrasha ya mkutano mkuu, nawashauri mambo haya matano.

Kwanza, ulizeni kama mota ya chombo inaweza kweli kurudisha umeme. Si zote ziwezazo. Ziko mota ambazo gurudumu huzunguka lenyewe huku mota imetulia, kama baiskeli inavyoteremka bila kukanyagwa. Hizo hazirudishi chochote, hata ukishuka kutoka Lushoto hadi Mombo. Jibu la muuzaji liandikwe katika mkataba.

Pili, hakikisheni chombo kina breki za kawaida, za mbele na za nyuma, zinazofanya kazi peke yake umeme ukiwa umezimwa. Mzijaribu mkiwa na mzigo kamili. Breki ya mota hushika gurudumu linaloendeshwa tu, huwa dhaifu mwendo unapokuwa mdogo, na haifai kutegemewa kukishikilia chombo kilichoegeshwa mlimani. Kazi yake njema ni kuzipunguzia breki nyingine joto na kuzifanya zidumu. Faida hiyo ya kutobadilisha breki mara kwa mara huenda ikawa kubwa kuliko ile ya umeme, nayo ni halali kuandikwa katika makisio.

Tatu, kabla ya kulipa, ombeni majaribio ya siku kadhaa katika barabara zenu wenyewe, na mizigo yenu wenyewe. Wekeni mita ndogo kwenye soketi ya kuchajia, na kila jioni mwandike yuniti zilizoingia na kilometa zilizokwenda. Mita hiyo ndiyo mizani yetu ya leo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme nao ni mali.

Nne, wekeni kanuni ya kuchaji. Chombo kinacholala juu ya mlima kisijazwe hadi juu kabisa; kiachiwe nafasi, tuseme moja ya kumi, ili betri iwe na mahali pa kupokelea. Kinacholala bondeni kinaweza kujazwa. Kanuni hiyo ibandikwe ukutani penye soketi, na kila dereva mpya asomewe.

Tano, jazeni ile safu tupu. Andikeni gharama ya kuchaji kana kwamba hakuna mteremko hata mmoja duniani. Andikeni na akiba ya kununua betri nyingine, kwa kuwa betri ndiyo sehemu ya thamani kubwa nayo huchakaa. Kama chama kinakopa, deni hilo lionekane wazi ndani ya ukomo wa madeni utakaoidhinishwa na mkutano mkuu. Mteremko ukirudisha kitu, mwisho wa mwaka kitaonekana kama ziada, na wanachama watafurahi. Ni heri ziada isiyotarajiwa kuliko hasara iliyofichwa katika matumaini.

Nataka nieleweke vizuri. Sisemi kwamba vyama visinunue vyombo vya umeme. Nimeketi na hesabu za petroli kwa miaka mingi, na ninajua jinsi zinavyotafuna ushuru wa chama. Huenda chombo cha umeme kikawa nafuu hata kikichajiwa kila siku kwa umeme wa kununua. Ikiwa hivyo, kinunuliwe kwa sababu hiyo. Ninachokataa ni kukinunua kwa sababu ya mlima.

Chama kile nilichokitaja mwanzoni hakijanunua bado. Katibu wake yumo humu ukumbini, nami nimepata ruhusa yake kusema kwamba makisio yamerudishwa mezani, na kwamba muuzaji ameombwa alete toyo moja kwa majaribio. Majibu yatakapopatikana, yawe mazuri au mabaya, tutawaomba wayaeleze katika kurasa hizi, yuniti kwa yuniti, ili chama kimoja kikijifunza vyote viwe vimejifunza.

Ndugu zangu, wazee wetu walisimama mbele ya mizani wakadai kuuona mshale. Nasi tusimame mbele ya betri tukadai kuiona mita.